Upande wa Kushoto wa Othieno

Jumatatu, 3 Machi

Tak, tak, tak. Mpira kwenye ukuta wa nyuma. Hiyo ndiyo saa yangu ya kuamkia siku hizi. Saa kumi na mbili asubuhi Othieno yuko nje na gongo lake, mimi niko jikoni na sufuria ya chai, jirani anagonga bati kulalamika. Wiki ya sita ya ndoa. Akiingia mlangoni na jasho lake bado nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nampenda huyu mtu. Nimeandika jina langu jipya nyuma ya daftari hili mara kumi na moja, kama msichana wa kidato cha pili.

Leo simu ilikuja kutoka Kampala. Kambi ya timu ya taifa ya mpira wa magongo inaanza Jumamosi ya tarehe 15. Wataitwa thelathini, watabaki kumi na wanane. Hao ndio watapanda ndege kwenda kwenye mechi za kufuzu. Othieno amechezea Uganda miaka tisa. Alianza kwao Mulanda na gongo la mti wa mpera alilolichonga mwenyewe, akipiga ndimu mbichi. Sasa amefika Nairobi, Harare, Kairo. Kila mara timu inakwama hatua ya mwisho. Ana miaka thelathini. Anasema hii ndiyo safari ya mwisho itakayomkuta bado ana miguu.

Alinibeba akanizungusha jikoni mpaka kandambili zikanitoka. Chai ikafurika. Sikujali.

Usiku huu nitasali asiumie. Kazi yake siipendi. Timu yake ikipewa adhabu ya kona fupi, wanne na kipa wanasimama golini. Mpira unasukumwa kutoka mstarini, adui anausubiri kwa gongo lililoinuliwa, na Othieno anatoka mbio kumwendea usoni kabla hajapiga. Mkimbiaji wa kwanza, ndivyo wanavyomwita. Mpira ni mgumu kama jiwe. Nilimwona mara moja tu akifanya hivyo. Nilifumba macho.

Jumatano, 5 Machi

Amemwaga chai. Kikombe cha pili wiki hii. Niliweka kikombe kushoto kwake, akageuka kuchukua mkate, kiwiko kikakisukuma. Akanitania kwamba mke wake anaficha vikombe. Nikacheka.

Lakini jana aligonga bega kwenye fremu ya mlango. Bega la kushoto. Na Jumatatu bodaboda ilipita upande huo ikampigia honi, yeye akaruka kama aliyeshtuliwa usingizini. Mtu anayekamata mpira unaokimbia kama risasi haoni pikipiki?

Labda amechoka. Anafundisha michezo shuleni mchana kutwa, jioni anakimbia hadi chini ya mwamba wa Tororo na kurudi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemuuliza. Kasema amechoka.

Sawa. Amechoka.

Jumamosi, 8 Machi

Mikono bado inanuka samaki. Naandika hivyo hivyo.

Tulikwenda Busia kuchukua cherehani yangu iliyobaki nyumbani. Yeye alisubiri nje ya soko, upande wa Kenya, kwa sababu Mama anauza omena, dagaa wa ziwani, humo ndani na mkwe hatakiwi kusogea. Kwetu Wasamia hilo si jambo la mzaha. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, anayemwona mwenzake kwanza anaacha njia na kugeuza uso, salamu inapita hewani. Othieno analijua vizuri. Wakati wa uchumba alimwona Mama mbali akarukia mtaroni na viatu vyake vya ngozi. Soko zima lilimsifu. Mama alijifanya hakuona, lakini jioni ile alicheka mpaka akashika ubavu.

Leo Mama alikuwa anatoka sokoni na beseni kichwani. Barabara pana. Mchana mweupe. Alikuja kutoka kushoto kwa Othieno. Mimi nilikuwa nyuma yao nikimlipa mbeba mizigo. Nilimwona Mama, nikamwona Othieno, nikasubiri aruke. Hakuruka. Aligeuka kushoto akatembea moja kwa moja, akamgonga Mama kifuani. Beseni likaanguka. Omena zikatapakaa kwenye tope. Kisha, Mungu wangu, akamshika Mama mabega yote mawili asianguke.

Halafu mwanamke mmoja muuza nyanya akapaza sauti: "Weee! Mkwe wa dijitali huyu! Anamkumbatia mama mkwe barabarani!"

"Mwache," mwingine akajibu, "huko Uganda wamefuta heshima kwenye mtaala!"

Kicheko. Mama alijifunika uso kwa leso akaondoka bila beseni. Othieno alibaki pale anaomba radhi, anageuza kichwa huku na huku.

Senge, shangazi yangu upande wa Baba, alifika kabla sijaokota omena nusu. Hakumtazama Othieno. Aliniambia mimi. Alhamisi mumeo aje nyumbani na mbuzi na maelezo. Mbuzi bila maelezo, arudi naye. Na kama ni dharau, wewe unabaki hapa mpaka ukoo utengeneze jambo hili.

Kubaki hapa. Wiki sita tu za ndoa.

Tumerudi Tororo na cherehani. Naona aibu. Naona hasira. Na chini ya hasira kuna kitu kingine baridi ambacho sitaki kukiangalia.

Jumapili, 9 Machi

Nimekiangalia.

Baada ya ibada nilimkalisha kitandani nikamwambia sitapika mpaka aseme. Akasema. Jicho la kushoto halioni vizuri.

Ilikuwa Nairobi, mechi ya kirafiki, wiki moja kabla ya harusi. Kona fupi. Alitoka mbio, mpira ukapanda, ukampata pembeni mwa jicho pale barakoa anayovaa kujikinga inapoishia. Mimi aliniambia alianguka bafuni. Nilimpaka poda mwenyewe kwenye ile nyusi iliyovimba ili picha zitoke nzuri! Nimeitoa picha sasa hivi. Nimesimama kushoto kwake, natabasamu kama mwehu, na ukitazama karibu poda inaonekana.

Jicho lilitulia mwezi mzima. Halafu wiki iliyopita zikaanza cheche, kama mtu anachoma vyuma pembeni. Vidudu vyeusi vikielea. Kisha kivuli. Kama pazia linavutwa kutoka kushoto. Mama alikuwa nyuma ya hilo pazia.

Anataka nisimwambie mtu. Si kocha, si Mama, si daktari. Daktari atamwandikia barua ya kupumzika, barua itafika Kampala, jina litafutwa. Akiingia kumi na wanane, acheze, arudi, ndipo atakwenda kutibiwa. Aliuweka mkono wangu juu ya Biblia tuliyopewa harusini.

Niliapa. Aliponitazama vile singeweza kukataa kitu. Hajawahi kumwambia mtu mwingine siri hii. Mimi tu. Nilijisikia mke hasa, kwa mara ya kwanza.

Sasa amelala na mimi nasikiliza pumzi yake na naogopa.

Jumatatu, 10 Machi

Ni wazo lake. Anakaa kwenye kigoda, anaziba jicho la kulia, anatazama picha ya harusi niliyoitundika ukutani. Mimi naanzia mbali kushoto, natelezesha kiganja ukutani kuelekea kwenye picha. Akikiona anasema "hapo". Naweka alama kwa chaki yangu ya kushonea.

Mstari wa leo uko hatua moja na nusu kutoka kwenye picha. Anasema ni mbali. Anasema anahitaji katikati tu, mpira uko katikati.

Jumanne, 11 Machi

Mstari umesogea. Shubiri nzima. Kuelekea kwenye picha yetu.

Yeye alisema mkono wangu ulikuwa juu sana jana. Akachukua gongo akaenda.

Nilifunga cherehani, nikavaa leso, nikaenda hospitali ya macho. Nilimwambia muuguzi kwamba mgonjwa ni kaka yangu. Mwanamke wa makamo, mpole, Kiswahili chake cha huku. Nilieleza mpira, cheche, vidudu, pazia. Uso wake ulibadilika nikiwa bado naongea.

"Hiyo pazia imefika katikati?"

"Bado."

"Basi mlete leo. Si kesho, leo."

Akanionyesha ukuta wa korido pale rangi ilipobambuka kwa unyevu. Nyuma ya jicho kuna utando, akasema, unashika kama rangi hii. Ukianza kubanduka unaendelea. Ukishikwa kabla katikati haijabanduka, daktari wa Kampala anaurudisha. Katikati ikitoka, hata akifanyiwa upasuaji hatasoma tena kwa jicho hilo. Na asikimbie. Asiruke. Asipigwe hata na mto.

Asipigwe hata na mto. Mume wangu alikuwa uwanjani muda huo huo.

Nilimwambia jioni. Ugomvi wetu wa kwanza. Hakunigusa, hakutukana. Alisimama dirishani akasema kwa sauti ya chini kwamba nimevunja kiapo siku ya pili. Nikasema sikutaja jina. Akasema mdomo ni mdomo.

"Miaka tisa, Nafula. Miaka tisa nakimbilia hiyo mpira. Ni siku nne imebaki. Wewe unataka nikalale hospitali?"

Nikasema nataka anione nikiwa mzee. Alikula peke yake. Sijawahi kuwa mpweke namna hii katika chumba chenye mtu.

Jumatano, 12 Machi

Mstari haukusogea! Alisema "hapo" juu ya chaki ya jana kabisa. Alinikumbatia. Unaona, unaona, limesimama. Akaimba akienda kuoga.

Sikuimba. Sikuwa naangalia mkono wangu. Nilikuwa naangalia jicho lake. Lilitoka kwenye picha likaja kunitafuta mkono, kidogo tu, kama mwanafunzi anayechungulia karatasi ya jirani.

Ananidanganya. Anajidanganya. Na kesho ni Busia, lazima aseme kwa nini alimgonga Mama.

Siwezi kula.

Alhamisi, 13 Machi

Nataka kuandika yote, kwa mpangilio.

Tulifika saa nne na mbuzi. Senge alikuwa kwenye kiti, na Baba mdogo, ndugu wa marehemu Baba. Othieno alipewa benchi nje, ubavuni mwa mlango. Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, haonekani. Kutoka alipokaa Mama hadi alipokaa Othieno hazifiki hatua tatu. Anasikia hata akikohoa. Lakini hawaongei. Neno lake lazima lipitie kwangu.

Senge alianza. "Mkwe, hatukukuita tule mbuzi wako. Mbuzi tunao. Tunataka kujua. Siku ile ulikuwa umelewa?"

Nilimwangalia. Huyu mtu hajawahi kuonja pombe. Harusini kwetu alikunywa soda nyekundu mpaka wajomba wakamcheka. Aliangalia viatu vyake.

"Ndiyo, Senge. Nilikuwa nimelewa."

"Mchana?"

"Mchana."

"Nilijua," Baba mdogo akasema. "Hawa wa pombe ya wimbi, wanaanza na uji wa asubuhi."

Senge akacheka kidogo, bila furaha. Akasema basi ni heri mlevi kuliko mwenye dharau, mlevi anaweza kuacha. Ilikuwa inaisha. Mbuzi angepokelewa, tungerudi Tororo, Jumamosi angepanda basi kwenda Kampala na pazia lake. Nilimwona Othieno akishusha pumzi. Alikuwa tayari kuitwa mlevi na ukoo mzima maisha yake yote ili acheze.

Nilisimama. Sikumbuki niliamua. Nilisikia sauti yangu ikisema hakulewa, haoni, jicho la kushoto linakufa, pazia limefika karibu na picha. Niliwaambia Nairobi. Niliwaambia Biblia. Niliwaambia muuguzi. Nililia kama mtoto, kamasi na yote.

Othieno hakunitazama. Aliinuka nusu kisha akakaa. Mbuzi alikuwa anatafuna.

Halafu Mama akaongea nyuma ya pazia.

"Nafula. Mwambie mume wako kwamba najua tangu siku ile."

Nikageuka kwa mume wangu aliyekuwa hatua moja kutoka kwangu na amesikia kila neno. "Mama anasema anajua tangu siku ile."

"Mwambie aliponigonga aliniomba radhi huku anatazama kulia. Mimi nilikuwa kushoto, mabega yangu mikononi mwake, na yeye ananitafuta kulia. Mtu wa dharau anajua pa kutazama. Mlevi ananuka. Huyu hakunuka, na hakujua nilipo."

Nikarudia. Sauti ilinikatika katikati. Nikarudia tena.

"Mwambie sikumwita hapa kwa ajili ya mbuzi. Nilitaka aulizwe mbele ya watu, maana wewe ukimuuliza peke yako atakubusu utanyamaza."

Baba mdogo aliguna. Hilo nalo ilibidi nilirudie, uso unawaka.

"Sasa mwambie faini yangu. Mbuzi huyu arudi naye. Faini yangu ni daktari. Kesho asubuhi, kabla jua halijapanda. Kama hajaenda, asinipishe njia tena, maana hatakuwa mkwe wangu."

Senge alifungua mdomo akafunga. Faini ya mama mkwe haipunguzwi. Hakuna anayeikata bei, wala mwenyekiti, wala padri. Ukiikataa umekataa nyumba nzima. Othieno analijua hilo kuliko mimi. Kwao ni vivyo hivyo.

Aliinua uso kutoka kwenye viatu vyake. Kisha akasema, si kwangu, kwa lile pazia: "Mwambie Mama nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

"Na mimi nimesikia," Mama akasema. Nikajua kwa sauti kwamba analia.

Tumerudi. Alinitangulia njia nzima hadi kituo cha matatu, mbuzi kwenye kamba. Nilitembea kushoto kwake, nyuma kidogo, mahali asiponiona. Malori yamepanga foleni hadi mbali, yanapita karibu. Niliweka mwili wangu kati yake na barabara. Hajui.

Hajaongea nami tangu hapo. Nimevunja kiapo. Ningekivunja tena. Naogopa kwamba amenichukia.

Ijumaa, 14 Machi

Jua halijapanda tulikuwa langoni. Muuguzi yule yule. Alimtazama Othieno, akanitazama mimi, akasema, "Kaka amefika." Hakuuliza zaidi.

Daktari alimmulika kwa muda mrefu. Akasema katikati imeshikilia, lakini kwa kucha tu. Akaandika barua. Kampala, leo leo, gari la hospitali linaondoka saa tano na lina nafasi.

Othieno alimpigia kocha kutoka kwenye benchi la korido. Nilisogea mbali ila nilisikia. Alisema sentensi mbili. Kisha alisikiliza. Kisha akasema, "Hapana, Kocha, sikusema, ndiyo." Kisha akafunika macho kwa mkono, yote mawili, zima na bovu.

Baadaye aliniambia maneno sita, nimeyahesabu. "Alikuwa ameniweka nahodha. Nipe maji sasa."

Jumapili, 16 Machi

Kampala. Wamempasua jana. Wameweka hewa ndani ya jicho ili iubane utando mahali pake, na lazima alale kifudifudi siku saba. Uso chini, hata akila. Naona kisogo chake tu. Nakijua sasa kisogo chake kuliko uso.

Daktari wa hapa ni kijana, hazungushi maneno. Jicho huenda likarudi sehemu kubwa. Huenda. Magongo yameisha. Si mwaka huu, si mwakani. Mpira mmoja tena na hakuna cha kubandika. Alisema mbele yake. Mgongo wa Othieno ulitikisika mara moja.

Uwanja wa nyasi bandia hauko mbali na hapa. Jana asubuhi wenzake walikuwa pale wanaitwa majina.

Nimejikunja sakafuni chini ya kitanda chake, kwenye mkeka, kwa sababu hapo ndipo anaweza kuniona, kupitia pengo la mto. Nilimwambia nampenda. Machozi yake yaliniangukia kwenye paji la uso. Sijui yalikuwa ya nini.

Sikuyapangusa.

Jumatano, 19 Machi

Bado kifudifudi. Leo aliteremsha mkono pembeni mwa kitanda, vidole vikatafuta hewani. Nikavishika. Hakuvitoa.

Naogopa furaha. Naogopa kila kitu. Lakini hakuvitoa.

Jumapili, 30 Machi

Nyumbani. Mvua imenyesha tangu asubuhi. Ukuta wa nyuma umetulia, jirani amelala mpaka saa tatu. Nimeona haya kuona naukosa ule mpira.

Mama ametuma omena kwa bodaboda na ujumbe wake mdomoni mwa dereva: Faini imepokelewa. Akipona, anipishe njia kama watu. Othieno alitabasamu. Kidogo, upande mmoja.

Mchana timu ilicheza. Hawezi kuikodolea macho simu, basi aliilaza kifuani na kusikiliza mtangazaji. Nilikaa nashona sare za watoto wa shule, mguu haukanyagi sawa. Walifungwa mbili kwa moja. Bao la pili lilitoka kwenye kona fupi. Mtangazaji alisema mkimbiaji wa kwanza alitoka mapema, lakini mpira ukazunguka kushoto kwake.

Alizima simu. Nikasubiri anigeukie. Nikasubiri aseme, "Ningekuwepo mimi." Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nimeliogopa wiki mbili.

"Ilipita kushoto," akasema. "Hata mimi singeiona."

Kisha akakaa kwenye kigoda mwenyewe, akaziba jicho la kulia, akatazama picha ya harusi. Chaki zangu bado ziko ukutani. Sikuzifuta. Ananiambia chini kuna maji yanacheza, kama chupa iliyotikiswa, ile hewa bado haijaisha. Juu ya maji anaona. Nikatelezesha kiganja kutoka mbali. Nilimwangalia jicho, si mkono. Jicho halikutoka kwenye picha.

"Hapo."

Ilikuwa nyuma ya mstari wa kwanza. Mbali zaidi. Sikuweka alama. Sikuthubutu.

Nimepika chai. Kikombe chake nikakiweka kulia, kama ninavyofanya tangu turudi. Aliketi. Akakiangalia. Akakichukua akakihamishia kushoto, mahali pake pa zamani, polepole, akaacha vidole vyake pembeni mwa kikombe mpaka chai ikapoa.